Kosa la Jinai na Jibu la Mshtakiwa

Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitoa kanuni mpya za adhabu zilizofanana sana katika maneno na mpango wake. Kabla ya hapo mahakama za Waingereza katika nchi hizi zilifuata Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi ya mwaka 1860, ambayo mswada wake wa kwanza ulitungwa na tume ya Macaulay mwaka 1837. Kanuni iliyokuja badala yake ilikuwa na nasaba nyingine. Asili yake ni kanuni aliyoiandika Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, katika Australia, iliyopitishwa huko mwaka 1899, ikafika Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904, na baadaye ikapata njia ya kuja Afrika ya Mashariki.

Safari hiyo yajulikana kwa wanasheria. Kwa wachunguzi wa lugha jambo kubwa zaidi ni kwamba kanuni yenyewe ilikuwa kwa Kiingereza, na kumbukumbu za mahakama kubwa ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali wengi wa washtakiwa walijibu kwa Kiswahili, au kwa lugha za nyumbani kwao zikapitishwa kwanza katika Kiswahili na mkalimani kabla ya kumfikia hakimu. Yafaa pia ikumbukwe kwamba Kanuni ya Bara Hindi ilikuwa na sifa moja ya kumfaa mkalimani: chini ya vifungu vyake vingi iliwekwa mifano mifupi, ya mtu aitwaye A aliyemtendea Z jambo fulani, na ikaelezwa kama A ana hatia au hana. Kanuni ya 1930 haikuifuata desturi hiyo. Mkalimani aliachiwa maelezo matupu ya kosa, ayatie katika lugha ambayo haikuwa na maneno ya kazi hiyo.

Si kwamba Kiswahili kilikosa maneno ya uovu. Kilikuwa nayo tele: kosa, hatia, dhambi, jinai, hiana. Lakini kila moja lilikuwa na makazi yake. Dhambi ni ya mtu na Mungu wake. Kosa limetoka katika kukosa, na mtu hukosa shabaha, hukosa njia, hukosa adabu. Uzito wake hutegemea linaposemwa. Jinai na hatia yametoka katika Kiarabu, na watu wa pwani waliyasikia kwa kadhi pia, ambako kuua mtu kulikuwa kwanza ni haki ya warithi wa marehemu: wao ndio wenye kutaka kisasi, au kupokea dia, au kusamehe. Bara nako, katika makabila mengi, damu ililipwa kwa ng'ombe, na malipo yakiisha kupokewa ugomvi umekwisha. Sheria mpya iliweka fikira nyingine kabisa, kwamba aliyekosewa ni dola yenyewe. Mshtaki alikuwa Mfalme, baadaye Malkia, na baada ya uhuru Jamhuri. Msamaha wa jamaa wa marehemu haukuweza kuifuta kesi.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Kijana aliyelelewa vema, akiitwa mbele ya wazee, husema "nimekosa, wazee wangu," hata kama ana maneno mengi ya kujitetea. Maana neno hilo ni mlango wa suluhu, na kulikataa ni ujeuri. Kijana huyo huyo akisimama mbele ya hakimu na kusema "nimekosa" au "ni kweli," karani huandika kwamba amekiri kosa, na baada ya kukiri hapabaki ila adhabu. Mfano wa wizi waonyesha jambo hili vizuri. Kanuni yasema kuiba ni kuchukua kitu kwa hila na bila ya kudai haki juu yake. Basi mtu amechukua ng'ombe katika zizi la mkwewe kwa kuwa mahari haikurudishwa mke alipoondoka. Akiulizwa, atasema ni kweli alimchukua, tena atasema kwa sauti kubwa, kwa sababu anaamini ng'ombe ni wake. Amekiri kuchukua, hila hakuikiri, wala hakuulizwa habari zake.

Liko na jambo la sarufi ambalo ni dogo kwa sura tu. Kwa Kiswahili "ndiyo" hukubali maneno yaliyosemwa, si tendo lenyewe. Anayeulizwa "Hukumpiga?" akajibu "Ndiyo," amesema kwamba hakupiga. Mkalimani mvivu akilitafsiri neno hilo moja kwa Kiingereza, maana yake imepinduka.

Kwa bahati majaji wa rufani waliliona tatizo mapema. Katika kesi ya Yonasani Egalu, mwaka 1942, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilieleza kwamba yafaa kila sehemu ya shtaka ifafanuliwe kwa mshtakiwa, naye atakiwe kuikubali au kuikana kila moja. Fundisho hilo lilirudiwa katika kesi ya Hando Akunaay mwaka 1951, na kurudiwa ni dalili kwamba mahakimu wa chini hawakulishika. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan, mahakama hiyo iliweka utaratibu kamili: shtaka lisomwe katika lugha anayoifahamu mshtakiwa, majibu yaandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa akipinga jambo lolote la maana, kukiri kwake kufutwe na kesi isikilizwe. Mahakama hiyo ilikoma mwaka 1977, ila utaratibu wake ungali ukitajwa Kenya na Tanzania.

Katika Tanganyika mahakama za mwanzo, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1963, zilikuwa za Kiswahili. Kiingereza kilibaki juu. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiruhusiwa penye haja maalumu. Wafasiri wamepewa kazi kubwa, na si kazi ya kutafuta maneno tu. Kosa kubwa kuliko yote ya kuua limezoeleka kuitwa "kuua kwa kukusudia." Lakini kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu chaeneza dhamira ya kosa hilo mbali zaidi: yatosha mtu awe alikusudia kumdhuru mwenziwe vibaya, au alijua kwamba tendo lake yamkini litaleta mauti au madhara hayo. Aliyekusudia kumvunja mtu mguu kwa rungu, na mtu akafa, akiulizwa kwa lugha yake mwenyewe kama aliua kwa kukusudia, atajibu hapana kwa moyo mweupe. Na kwa kifungu hicho aweza kuhukumiwa kunyongwa.