Kabla ya Kuitwa Siti

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, na wazazi wake wakamwita Mtumwa. Biashara ya watumwa ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1873, lakini kumiliki mtu bado kulikuwa halali. Sheria ya kuufuta utumwa ilikuja 1897, nayo ikawaacha nje masuria. Wao walisubiri hadi 1909. Kwa hiyo jina la mtoto yule halikuwa fumbo.

Kisarufi halina ubaya wowote. Mtumwa ni aliyetumwa, na kitenzi hichohicho ndicho kilichotupa neno Mtume. Lakini nani aliwahi kuitwa mtumwa barabarani akafikiria mnyambuliko wa vitenzi?

Siti latokana na Kiarabu, sitt, yaani bibi mwenye hadhi. Huko Misri, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliishi binti wa kifalme aliyeitwa Sitt al-Mulk, bibi wa ufalme. Waislamu wa Java na Malaya nao huwaita binti zao Siti. Ni jina la kumwinukia mtu.

Mtumwa alikuwa binti wa mfinyanzi, akitembeza vyungu vya mama yake. Mwaka 1911 alihamia mjini, akaingia katika uimbaji, na huko mjini ndiko alikoitwa Siti. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na jina hilo jipya likasikika pwani nzima. Alichoimba hakikuwa cha kuwapendeza wakubwa tu: wimbo wake wa Kijiti unasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatoroka, na mahakama ikawafunga mashahidi.

Si wote waliolikubali jina. Wapinzani walimtungia wimbo wa kejeli, wakimkumbusha kwamba alikuja mjini na kaniki tu. Kaniki, kitambaa cheusi cha bei rahisi, ndiyo iliyokuwa nguo ya watumwa; kila msikilizaji wa Unguja alielewa kwamba walikuwa wakimrudishia jina lake la kwanza bila kulitamka.

Siti alijibu kwa wimbo. Hakudai nasaba wala uzuri, ingawa ndivyo vilivyompa mtu ubibi katika mji ule. Alisema hivyo si hoja; hasara ya mtu ni kukosa akili.