Jiko la Mwaloni: Historia ya Chakula cha Kununua Bukoba na Visiwa vya Muleba

Historia ya Bukoba imeandikwa zaidi kupitia boma la Wajerumani, makanisa, shule na maghala ya kahawa. Vibanda vya chakula vya Miembeni, vya mwalo wa Nyamkazi na vya visiwa vya Muleba havimo katika historia hiyo, ingawa ndivyo vinavyolisha abiria, wavuvi, wapagazi na wanafunzi kila siku. Makala haya yanadai kwamba vibanda hivyo ni sehemu ya urithi wetu kama majengo hayo. Kila kundi la watu lililopita katika ufukwe huu wa magharibi wa Ziwa Victoria liliacha kitu katika sahani, na anayeijua sahani hiyo anaijua njia waliyopita.

Hapo kale, mlo wa Mhaya ulikuwa wa nyumbani. Kibanja kilichozunguka nyumba kilitoa ndizi, maharage na kahawa. Chakula kilitandazwa juu ya majani ya migomba, ndani, na watu wa nyumba wakakizunguka. Mwanaanthropolojia Brad Weiss, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu maisha ya Wahaya, ameonyesha jinsi kula kulivyofungamana na nyumba na heshima yake. Mgeni alipokelewa kwa buni za kutafuna: kahawa aina ya robusta iliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha ikaanikwa mpaka ikakauka. Alipewa, hakuuziwa. Kwa hiyo swali la mwanahistoria ni hili: ilikuwaje chakula kikatoka nyumbani na kuwekwa barabarani kwa bei?

Sehemu ya jibu imo katika misafara ya pwani. Kufikia katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, katika Karagwe ya Mukama Rumanyika, yule aliyempokea mpelelezi Mwingereza John Speke mwaka 1861. Msafara hauna kibanja. Hula kinachopatikana kwa kubadilishana nguo na shanga.

Mahitaji hayo yangeweza kuleta biashara, na yangeweza pia kuleta maafa. Mwaka 1875 mpelelezi Henry Morton Stanley, akitoka kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, alifika kisiwa cha Bumbire tarehe 28 Aprili akitafuta chakula kwa ajili ya mabaharia wake wenye njaa. Wenyeji waliivuta mashua yake nchi kavu na kuchukua makasia. Aliponyoka kwa kufyatua risasi, na Agosti mwaka huohuo akarudi na mitumbwi mingi kutoka Buganda, akawapiga risasi watu waliojipanga ufukweni. Makumi waliuawa, kwa hesabu ya Stanley mwenyewe. Leo Bumbire ni kisiwa cha wilaya ya Muleba, na mgeni anayeshuka hapo hupata samaki na ugali kwa bei ya kawaida. Ni vyema akumbuke kwamba mgeni aliyetaka kula hapo aliwahi kuacha makaburi.

Mji wenyewe ulianza Novemba 1890, Emin Pasha alipojenga kituo cha Wajerumani Bukoba. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, kahawa ya Bukoba ilipata njia ya meli hadi kwenye reli, na kutoka hapo hadi Mombasa. Baada ya reli ya kati kufika Mwanza mwaka 1928, safari za ziwani ziliongezeka. Mkulima aliyeleta magunia mjini alisubiri kupimiwa na kulipwa. Abiria alisubiri meli. Mpagazi alisubiri kazi. Watu wanaosubiri huona njaa. Kutokana na kusubiri huko ndipo ilipokua hoteli ya Kiswahili, yaani benchi, meza ndefu, chai ya maziwa, maandazi na chapati. Wali na pilau vilikuja na watu wa pwani na wafanyabiashara wa Kihindi, vikakaa jirani na ndizi bila kuziondoa. Chama kikuu cha ushirika wa kahawa kilipoanzishwa mwaka 1950, msimu wa mauzo ukawa pia msimu wa mapato kwa wauza chakula.

Urithi huo bado unaonekana Miembeni na katika kata za jirani. Asubuhi kuna chai, chapati na katogo, ndizi zilizopikwa chungu kimoja na maharage au utumbo. Mchana kuna ndizi kwa nyama, wali maharage, na samaki wa kukaanga au wa mchuzi. Mimi nampa nafasi ya kwanza mama lishe anayepika ndizi kwa maharage na samaki mkavu, kwa moto mdogo, mpaka mchuzi ukashika ndizi bila kuzivunja. Hicho ndicho chakula kilichotoka kibanjani kwenda barabarani kikiwa kimebadilika kidogo kuliko vyote. Novemba na Desemba huongezeka senene, wanaokaangwa katika mafuta yao wenyewe. Zamani mila iliwataka wanawake wawakusanye na kuwaandaa kwa ajili ya wanaume, na wao wasiwale. Leo mwanamke anawauza, na anawala.

Pigo kubwa lilikuja Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia kaskazini mwa mkoa. Vita na miaka iliyofuata vilileta uhaba wa sukari, mafuta ya kula na unga. Mshahara haukutosha, na wanawake wengi wa Tanzania walitoka na sufuria zao kuuza chakula. Ndipo jina la mama ntilie, yaani mama lishe, lilipoenea nchini. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwafanya wengi wao wasumbuliwe kama watu wasio na kazi. Ilichukua muda mrefu serikali kubadili mtazamo. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Heshima hiyo ilichelewa kwa watu waliokuwa wakiilisha miji.

Visiwani, jiko lilibadilishwa na samaki. Wengi hudhani sangara na sato ni chakula cha mababu, lakini wote wawili waliletwa ziwani katika karne ya 20, sangara akipandikizwa miaka ya 1950 upande wa Uganda. Kabla yao watu walikula samaki wa asili: ngege, furu, kambare na nembe. Sangara alipoongezeka mno miaka ya 1980, furu wengi walitoweka, na viwanda vya minofu vikafuata. Watu wa mikoa mingi walihamia kwenye makambi ya Goziba, Kerebe, Ikuza na Bumbire. Wengi walikuja bila familia, na kila kambi ikahitaji wapishi.

Hivyo uchumi wa mama lishe wa kisiwani hauendi kwa kalenda ya ofisi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa, uvuvi husimama, fedha hupungua, na mpishi hulisha wavuvi kwa deni lililoandikwa daftarini mpaka giza lirudi. Samaki yuko karibu, lakini unga, mafuta na mikungu mingi ya ndizi huletwa kwa boti, kwa hiyo dhoruba ya siku mbili huonekana haraka kwenye sahani. Kula vizuri kisiwani ni kula alicholeta mvuvi asubuhi hiyo: sato wa kuchemsha kwa nyanya na kitunguu, au dagaa wabichi wa kukaanga, pamoja na ugali moto.

Ziwa lilelile lina majonzi. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imetoka Bukoba na Kemondo, ikiwa na abiria na shehena ya ndizi. Waliofariki walikuwa mamia, wakiwemo wafanyabiashara waliobeba chakula cha soko. Shamba nalo lina yake: mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulithibitishwa Muleba na kuharibu vibanja vingi. Katika uvuvi, sheria inakataza kuvua sangara walio chini ya sentimita 50, na mama lishe hulazimika kuyapokea mabadiliko ya bei sokoni. Kila badiliko la ziwa na la shamba humfikia kwanza yeye.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa historia wa Kagera, kwa halmashauri za Bukoba na Muleba, na kwa vijana wenye simu za kurekodi. Wahojini wapishi wazee wa Miembeni, Nyamkazi, Kemondo na visiwani: walianza mwaka gani, walipika nini, walimlisha nani, samaki gani hawawaoni tena. Mjenge kumbukumbu hiyo wakiwa bado hai. Na wewe msomaji, ukifika Bukoba, kaa kwenye benchi la mama lishe, lipa bei anayoitaja, na umuulize jina la samaki aliyekuwekea.