Simiyu: mto uliodaiwa kuwa chimbuko la Nili

Mwaka 2025 ilitimia miaka 150 tangu Mto Simiyu uingizwe katika mabishano ya wanajiografia wa Ulaya kuhusu chimbuko la Nili, na hakuna mahali panapostahili kuikumbuka habari hiyo kuliko Bariadi, mji uliokua katika bonde la mto huo na ambao leo ni makao makuu ya mkoa wenye jina la mto huo.

Mwaka 1858 John Hanning Speke aliliona Ziwa Victoria na kutangaza kuwa ndilo chimbuko la Nili, jambo ambalo mwenzake wa safari, Richard Burton, alilikataa katakata. Wawili hao walipangiwa kujadiliana hadharani mjini Bath, Uingereza, Septemba 1864, lakini Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe siku moja kabla ya mjadala, na swali likabaki wazi. Henry Morton Stanley, aliyekuja kulimaliza, alipita Usukuma akivuka vijito vinavyoulisha Simiyu, akafika Kageyi, kando ya ziwa, Februari 1875, kisha akaingia majini kwa mashua yake, Lady Alice. Katika kitabu chake cha mwaka 1878 aliuandika mto huo kwa jina la Shimeeyu na kuutaja kuwa kijito cha Nili kilicho kusini kuliko vyote. Dai hilo halikudumu, kwa kuwa wasafiri waliofuata walithibitisha kwamba Mto Kagera, wenye vyanzo Rwanda na Burundi, ni mrefu zaidi na una maji mengi zaidi. Linalosikitisha ni kwamba katika ugomvi huo wote Wasukuma wa bondeni, ambao majina ya vijito yalitoka vinywani mwao, hawakushirikishwa.

Miji ya mito mikubwa, kama Wuhan ya China iliyoko Yangtze inapokutana na Han, ilitajirika kwa meli, lakini Simiyu hufurika masika na kukauka kiangazi, hivyo Bariadi, katika eneo la Ntuzu lililotawaliwa na watemi, yaani machifu wa Kisukuma, ilikua kwa barabara, mifugo na pamba. Pamba ndiyo iliyozaa madai ya mizani ya haki miongoni mwa wakulima wa Kanda ya Ziwa, na kwa uongozi wa Paul Bomani ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria mwaka 1955. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa Machi 2012.

Wakati wa kiangazi, mto uliowagombanisha mabwana wa London huwa kitanda cha mchanga, na wanawake hufukua mashimo kwa mikono, wakisubiri maji yajikusanye ili wayachote kwa bakuli na kuyamimina ndooni, huku ng'ombe wakingoja zamu yao. Ni aibu kwamba hali hiyo iliachwa kwa miongo mingi, katika mkoa unaoongoza kwa pamba na usio mbali na ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, unaosaidia nchi zinazoendelea kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, uliidhinisha fedha za mradi, unaochangiwa pia na Ujerumani, wa kuyavuta maji ya Ziwa Victoria kwa mabomba kupitia Busega hadi Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu.