Darasa la Bristol na chanzo cha makanisa ya Kimethodisti

Makanisa ya Kimethodisti yalianzia kwa watu ambao parokia za Uingereza zilikuwa zimewasahau. Mapema mwaka 1739 George Whitefield aliwahubiria wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, karibu na Bristol, kisha akamwita John Wesley amsaidie. Wesley, kasisi wa Kianglikana aliyezoea kuwa mahubiri ni ya kanisani, alisita sana. Hata hivyo, tarehe 2 Aprili alihubiri nje mbele ya watu wapatao 3,000 kwa makadirio yake. Imani yake haikumwachia njia nyingine: kama neema ya Mungu humtangulia kila mtu hata kabla hajaitafuta, basi hakuna wa kuachwa.

Mwezi Mei ujenzi wa New Room, nyumba ya mikutano ya jumuiya ya wafuasi wa Wesley, ulianza Bristol, na deni likaja nao. Deni hilo ndilo lililozaa jambo kubwa kuliko jengo lenyewe. Tarehe 15 Februari 1742 wanajumuiya walikutana kutafuta namna ya kulilipa. Mmoja wao, Nahodha Foy, akashauri kila mmoja atoe peni moja kwa wiki. Alipoambiwa kwamba wengi hawana uwezo huo, aliomba akabidhiwe kumi na mmoja walio maskini kuliko wote: angewapitia kila wiki, na asiye na kitu angemlipia yeye. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo. Katika kupita nyumba kwa nyumba, wakusanyaji wakagundua kwamba baadhi ya waumini hawaishi inavyowapasa, wakampasha Wesley habari. Mara moja akaona kwamba hicho ndicho alichokikosa siku zote. Makundi ya kuchangia deni yakageuka kuwa madarasa ya watu kama kumi na wawili, kila moja na kiongozi wake wa kuuliza hali ya roho za watu, kuonya na kufariji.

Teolojia ya utakaso ilipata hapo mahali pa kufanyia kazi. Wesley alifundisha kwamba kuongoka ni mwanzo tu, na kwamba mtu hakui katika utakatifu akiwa peke yake. Baada ya 1745 wahubiri walijaribu kuhubiri sehemu nyingi bila kuunda jumuiya. Mkutano Mkuu wao wa 1748 ukakiri kwamba karibu mbegu yote ilianguka njiani.

Uongozi wa madarasa uliwainua walei, wanawake wakiwemo. Mwaka 1761 Sarah Crosby alikwenda Derby kuongoza darasa la watu 30 hivi. Wakaja karibu 200, akalazimika kusema nao wote kwa pamoja.

Mbinu ya madarasa ilivuka bahari. Mwaka 1766, mjini New York, Mmethodisti Barbara Heck alimhimiza mwenzake Philip Embury kuhubiri. Wakaanzia nyumbani kwa Embury na watu wachache, na kufikia 1768 walikuwa na kanisa lao. Baada ya vita vya uhuru Wamarekani wengi hawakuwa na makasisi wa kuwapa ushirika. Mwaka 1784 Wesley akawawekea mikono wahubiri wake Richard Whatcoat na Thomas Vasey, akamteua Thomas Coke kuwa msimamizi wa kazi huko, ingawa ndugu yake Charles alipinga vikali. Desemba hiyo kanisa kamili liliundwa Baltimore. Nchini Uingereza, Wesley alikataa kujitenga na Kanisa la Kianglikana hadi kifo chake mwaka 1791.