Kompyuta ya Mahitaji ya Msingi: Kutoka Marufuku ya 1974 Hadi Uchindile

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyoambatana nazo. Wanafunzi wangu wanapoisikia habari hii kwa mara ya kwanza hucheka, maana huichukulia kuwa kisa cha wazee walioogopa mashine. Haikuwa hivyo, na nimeona vema kuieleza tena leo, kwa sababu swali lililokuwa nyuma ya marufuku ile halijafa. Swali lenyewe ni hili: nani anahitaji kompyuta, ya kazi gani, na ni nani mwenye haki ya kumwamulia? Mwaka huu nimekutana nalo katika umbo dogo kabisa. Niliombwa kuunda kompyuta ya mezani ya bei nafuu kwa ajili ya katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa huko Uchindile, katika milima iliyo juu ya bonde la Kilombero.

Tuanze na historia. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, mashine iliyouzwa na kampuni ya Uingereza, ya ukubwa wa kujaza chumba. Kazi yake ilikuwa mishahara na hesabu za Serikali. Katika miaka iliyofuata ziliongezeka nyingine, lakini hadi 1974 kompyuta zote za nchi ziliweza kuhesabiwa kwa vidole vya mikono miwili. Zilikuwa ghali, zilitegemea wataalamu wa kigeni, na vipuri vyake vilinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo hatukuwa nazo. Mfumo wa hesabu za Serikali ulipohamishiwa kwenye mashine, mambo yalivurugika badala ya kunyooka, na Hazina ikalazimika kurudi kwenye utaratibu wa mkono.

Tuukumbuke na wakati wenyewe. Bei ya mafuta ilikuwa imepaa baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa umelazimisha nchi kununua chakula nje. Wananchi walikuwa wanahamishiwa vijijini. Nchi iliyokuwa inachagua kati ya mahindi na mashine iliyovuruga hesabu haikuhitaji mjadala mrefu. Kwa kipimo cha siku ile, uamuzi ule ulikuwa na mantiki.

Kosa lilikuwa katika kipimo kudumu baada ya kitu kilichopimwa kubadilika. Marufuku haikuwa ukuta mzima. Taasisi iliweza kuomba kibali, na kamati ya ushauri ililipima ombi hilo. Miradi ya wafadhili ilipitisha mashine zake, na masharti yakalegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980. Lakini hebu tazama kilichokuwa kinatokea kwingineko. Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo, ikaiunda kwa vipuri vilivyokuwa vinauzwa na kampuni nyingine, na ikachapisha maelezo ya namna ilivyoungwa. Muda si mrefu kampuni nyingine zikaunda mashine zinazofanana nayo. Kuanzia hapo kompyuta ikaacha kuwa kitu kimoja kilichofungwa, ikawa mkusanyiko wa vipande vinavyooana: ubao mama wa huyu, diski ya yule, kibodi ya mwingine. Fundi mwenye bisibisi alipata nafasi katika historia ya mashine hii. Sisi tulikuwa bado tunaipima kwa kumbukumbu ya ICT 1500.

Kuna jambo jingine la miaka ileile linalostahili kutajwa. Mwaka 1976, katika mkutano wa dunia kuhusu ajira uliofanyika Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkabala wa mahitaji ya msingi: maendeleo yapimwe kwa chakula, makazi, mavazi, maji, elimu, afya na ushiriki wa watu katika maamuzi. Mwaka 1982 ujumbe wa shirika hilohilo uliandika ripoti kuhusu Tanzania na kuonya kwamba mahitaji ya msingi yamo hatarini. Wengi hukumbuka chakula na maji katika orodha ile, wakasahau ushiriki. Mimi husimama hapo. Mtu hawezi kushiriki katika maamuzi ikiwa kumbukumbu zote zinazohusu maisha yake zinatunzwa na mtu mwingine.

Sasa tupande Uchindile. Kituo cha reli cha Uchindile kimo katika kipande cha TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, kipande kilichowatoa jasho wajenzi kuliko vyote, kwa mahandaki na madaraja yanayofuatana kama shanga. Reli ile, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa Julai 1976. Chini bondeni, maji yanayoshuka kutoka milima hii yanaendesha kituo cha Kihansi chenye uwezo wa megawati 180, kilichozinduliwa mwaka 2000, na mlangoni mwa bonde kuna Kidatu. Juu milimani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Kinorwe imepanda misitu mikubwa ya misonobari na mikaratusi, na Uchindile ikaingia katika nyaraka za kimataifa za biashara ya hewa ya ukaa.

Kwa hiyo Uchindile si mahali palipofichika. Reli imepita pale, umeme umetoka jirani, na miti yake imepimwa na kuandikwa katika kompyuta za Ulaya. Ni mahali panapojulikana sana kwa wengine, penye vyombo vichache vya kujijua penyewe.

Kikundi kilichoniomba msaada kina daftari. Lina mistari iliyochorwa kwa rula, majina, hisa, mikopo na faini. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari, na kikundi hiki kimeishi kwa methali hiyo. Lakini tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vya namna hii vinatakiwa kusajiliwa na kutunza kumbukumbu zinazoweza kukaguliwa. Halmashauri ikihitaji katiba au taarifa iliyochapwa, katibu hubeba daftari na kuteremka hadi Mlimba, pengine hadi Ifakara, akalipa nauli, malazi na gharama za kuchapa. Na daftari lenyewe, ambalo ndilo akiba ya wanachama wote, husafiri katika mfuko wa plastiki.

Niliuliza kazi kabla ya kuuliza bei. Zilikuwa nne: kuandika mihtasari na barua, kuweka hesabu katika lahajedwali, kuchapa, na kutunza nakala. Hakuna michezo, hakuna video. Kazi hizi nne ni ndogo kwa mashine yoyote iliyotengenezwa ndani ya miaka kumi na mitano iliyopita. Hapo ndipo muuzaji mmoja wa Dar es Salaam aliponiambia kwamba kwa watu wa kijijini lolote linafaa, akanionyesha sanduku kuukuu lenye diski inayolia kama kinu. Sitamtaja, kwa sababu wazo hilo si lake peke yake. Mwaka 1974 tuliambiwa hatuhitaji kompyuta. Leo tunaambiwa tunahitaji mabaki yake. Katika hali zote mbili anayeamua si mtumiaji.

Nilichounda ni hiki. Nilichukua sanduku dogo la ofisini la mtumba, lenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, iliyoingia sokoni 2013. Mashine za namna hii zimejaa kwa sababu ambayo haina uhusiano na ubora wake: Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za umri huo. Ofisi za nchi tajiri zinazitupa zikiwa nzima. Niliongeza kumbukumbu ya RAM ifike gigabaiti 8. Diski ya kuzunguka nikaiondoa, nikaweka SSD ndogo. Hakuna fedha inayobadilisha mashine kuukuu kuliko hiyo. Nikabadilisha betri ndogo ya ubao mama, ile ya umbo la sarafu, ambayo ikifa saa ya mashine hupotea, na hesabu zenye tarehe za uongo ni hatari kuliko kutokuwa na hesabu. Skrini ni ya mtumba pia, ya LED.

Kwa programu niliweka Linux na LibreOffice, ambazo hazina ada. Hapa pia kuna historia yetu tunayoisahau. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi, kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux. Wakati ule wengi waliiona kazi ya kujifurahisha ya wanaisimu. Lakini mtu anayefungua faili kwa lugha anayoiotea ndoto hamhitaji mkalimani kila mashine inapouliza swali, na LibreOffice ni mrithi wa OpenOffice ileile.

Sehemu ngumu ilikuwa umeme. Kompyuta ya mezani haina betri ndani yake. Umeme ukikatika, kazi isiyohifadhiwa imekwenda. Ofisi ya kikundi hutumia paneli ya jua. Sanduku na skrini kwa kazi nyepesi vinatumia takriban wati 50 kwa pamoja. Saa mbili kwa siku ni wati-saa 100, ambazo betri moja ya kawaida ya sola inazimudu kupitia inveta ndogo. Hapa sikubana matumizi, wala kwenye pawa saplai. Rahisi ni ghali, na pahali pa kwanza inapothibitika ni kwenye umeme. Nakala za kumbukumbu zinawekwa kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na daftari la karatasi linaendelea kuandikwa.

Wapo watakaouliza: kwa nini si simu? Ni swali la haki. Simu imefanya Tanzania kazi ambayo hakuna mpango wa Serikali ulioweza kuifanya, hasa tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza kuenea 2008. Lakini simu ni ya mtu, na kumbukumbu za kikundi si za mtu. Katibu akihama au akifariki, simu huondoka na familia yake. Kompyuta ya mezani hukaa mezani. Wanachama watatu wanaweza kuitazama skrini moja na kubishana juu ya safu moja ya tarakimu. Kikiharibika kipande, hubadilishwa kipande. Uzito wake, unaochekwa mjini, kijijini ni aina ya uwajibikaji.

Mashine ilisafiri kwa treni ya kawaida ya TAZARA, ile inayosimama vituo vidogo, ikiwa imefungwa kwa kanga na boksi. Sidai kwamba sanduku moja litaibadili kata. Dai langu ni jingine. Urahisi wa kompyuta hii haukushuka kutoka mbinguni. Ulitokana na maamuzi ya watu. Mtu aliamua mwaka 1981 kwamba vipande vioane. Wengine waliamua kwamba programu iwe ya wote. Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu 2005, iliamua kutotoza ushuru kompyuta zinazotoka nje. Na wanaisimu wetu waliamua kuitafsiri.

Limebaki uamuzi mmoja ambao ni wetu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa mfano wa vyuo vya Sweden, bado vipo, kikiwemo cha Ifakara. Vinafundisha useremala na ushonaji. Kuunda na kutengeneza kompyuta ni ufundi wa aina hiyohiyo: kupima, kuchagua kipande, kufunga, kujaribu. Halmashauri zinazofuta kompyuta zake kuukuu zingezipeleka huko badala ya kuziacha zioze stoo, na vikundi vya bondeni na milimani vingepata mashine zilizoundwa kwa kazi zao, na mafundi wa kuzitengeneza wasio mbali. Mkutano wa kikundi cha Uchindile ulipokaa kuamua nani afundishwe kwanza, walichagua wawili, mwanamke na mwanamume, wasiotoka ukoo mmoja. Hakuna mtaalamu aliyewaelekeza kufanya hivyo.