Nafasi ya Gridi na Spektra ya Ardhi

Modeli dijitali ya mwinuko ni jedwali la namba tu: ardhi imekatwa miraba, na kila mraba umeandikiwa kimo chake juu ya usawa wa bahari. Nasema "mwinuko" kwa sababu "urefu" ni wa barabara na kamba pia. Umbali kutoka nukta moja hadi jirani yake ndio nafasi ya gridi.

Modeli inayotumika sana ilitokana na safari ya Februari 2000, pale chombo cha anga cha Endeavour kilipoizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima kwa rada. Kwa miaka mingi nchi zetu zilipewa gridi ya mita 90 hivi. Ile ya mita 30 ilianza kutolewa mwaka 2014. Wapo waliodhani usahihi umepanda mara tatu. Kilichopanda kwa hakika ni idadi ya nukta, mara tisa. Usahihi huamuliwa na ardhi yenyewe.

Chora mkato wa ardhi kutoka Mombo hadi Lushoto. Utapata mstari wa kupanda na kushuka, na hisabati ya Fourier huuchambua kuwa jumla ya mawimbi: marefu yanabeba safu nzima ya Usambara, mafupi yanabeba makorongo na kingo za mashamba. Spektra ya ardhi hueleza kila wimbi lina nguvu kiasi gani. Kwa kawaida nguvu hupungua kadiri wimbi linavyofupika.

Gridi nayo haishiki wimbi lililo fupi kuliko mara mbili ya nafasi yake. Ni kama wavu wa changu usioshika dagaa, ila hapa dagaa hawapiti kimyakimya. Chukua vilima vinavyojirudia kila mita 40, uvipime kila mita 30. Nukta ya kwanza imeangukia kileleni, ya pili katikati ya mteremko, ya tatu bondeni, ya nne katikati tena, ya tano kileleni. Ramani itaonyesha vilima vya mita 120 ambavyo havipo!

Kukadiria kosa la gridi basi ni kujumlisha nguvu ya mawimbi yote yaliyo mafupi kuliko kikomo hicho cha mara mbili ya nafasi, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Mawimbi hayo hayajapimwa, lakini spektra ikichorwa kwenye grafu ya logi mara nyingi hukaribia mstari ulionyooka, hivyo mtu huurefusha. Mwangalifu hurusha droni juu ya kipande kidogo kwanza.

Mteremko wa mstari huo ndio wenye habari. Nguvu ikipungua kwa kipeo cha pili cha masafa (yaani idadi ya mawimbi katika kila mita), kutoka mita 90 hadi 30 kosa hupungua mara 1.7 tu. Ikipungua kwa kipeo cha tatu, hapo ndipo hupungua mara tatu kamili. Ardhi yenye makorongo mengi madogo hula nukta bila kushiba.

Delta ya Rufiji ni kisa kingine. Tambarare ile ina mawimbi mafupi dhaifu, kwa hiyo kosa la gridi ni dogo tangu mwanzo. Linalobaki ni kosa la chombo, na la mikoko: rada ile haikufika matopeni, ilirudi kutoka kwenye majani, na kukaza gridi hakuishushi rada hiyo hadi chini.