Hombo: kutoka televisheni yenye mgongo hadi ile bapa

Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mwaka 1966. Zanzibar walipata ya rangi mwaka 1973. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Oktoba, dunia ikaangalia Muhammad Ali akimwangusha George Foreman hapo Kinshasa. Huku kwetu Hombo, kwenye daraja linalotenganisha Walikale na Kalehe, picha ilikuja nyuma ya redio, ikiletwa na jenereta na nyumba za video.

Zile za kwanza zilikuwa na mgongo mkubwa. Wanaume wawili kuibeba, na mafuta ya jenereta yalikula faida. Lakini ukikaa pembeni kabisa uliona sawa na aliyekaa mbele, na weusi wake ulikuwa weusi kweli. Hilo tulilisahau haraka ile bapa ilipofika juu ya pikipiki.

Mimi mwenyewe niliuziwa moja ya inchi 32, karatoni imeandikwa Full HD. Nyumbani nikasoma kitabu chake: nukta 1366 kwa 768. Full HD ni 1920 kwa 1080, karibu mara mbili. Maandishi ya karatoni yalimaanisha tu kwamba inapokea picha hiyo, kisha inaipunguza. Nilikasirika, ingawa filamu za DVD tunazoangalia zina nukta 720 kwa 576 tu, kwa hiyo nukta hazikuniumiza sana. Kilichoniumiza ni pembeni: sura za wachezaji zinageuka majivu. Kwenye nyumba ya video, mtu wa benchi ya ukutani analipa sawa na wa katikati.

Za bei ya kati, hasa zenye kioo cha aina ya IPS, zinashika rangi hata ukiwa pembeni. Weusi wake hufifia kidogo gizani, lakini kwa mpira si tatizo.

Halafu kuna batri. Ya volti 12 na ampea 100 kwa saa, ukitumia nusu yake, inakupa wati 600 kwa saa. Televisheni ya wati 40 itakaa saa 15 hivi. Ya wati 100, saa 6. Namba hiyo iko nyuma ya televisheni, si kwenye karatoni.

Ukiwa Bukavu ao Goma, mwombe muuzaji aiwashe, kisha wewe usimame karibu na mlango, uangalie sura za watu.